Muulize Fundi: Tela la boti, godoro juu yake

Safari hii sijibu ya injini wala ya rangi. Wenye Noah zinazokunywa oili mnivumilie hadi toleo lijalo, maana barua zilizojaa mezani zote zinauliza kitu kimoja: tela la boti lililochoka, linafaa kubeba karavani ndogo ya umbo la tone?

Kwa ambaye hajaiona, karavani hiyo ni sanduku la kulalia tu, mbele limeviringana na nyuma limeteremka. Ndani ni godoro, na jiko liko nyuma chini ya mfuniko unaoinuka, kwa hiyo mpishi anasimama nje. Wamarekani walianza kuziunda miaka ya 1930. Kipimo kilichozoeleka, futi 4 kwa 8, ni kipimo cha shiti moja ya plaiwudi, ndiyo maana watu wengi huthubutu kujiundia wenyewe. Sanduku kweli halina shida. Seremala yeyote wa Majengo atakuundia ukimchorea. Shida iko chini, na ndiko barua nyingi hazitazami.

*Fundi, shikamoo. Nimepata mtu Tanga anauza tela la boti la futi 16, limechovywa zinki, halina kutu hata kidogo. Anataka nitume hela alipakie kwenye lori. Nina Prado, nataka niunde karavani ya tone ya kwenda nayo Tarangire na mke wangu. Ninunue?*
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Marahaba. Usitume hela. Panda basi ukaliinamie mwenyewe.

Tela la boti lina historia ambayo tela la mizigo halina: limezamishwa. Kila boti iliposhushwa, tela liliingia majini hadi ekseli, na Tanga maji hayo ni ya chumvi. Zinki inakinga vizuri kwa nje. Ndani ya paipu chumvi inabaki palepale, mvua haifiki, na wenye matela wachache sana huingiza mpira wa maji wakasuuza. Chuma kinaliwa kuanzia ndani huku nje kinang'aa. Mimi nikiwekewa tela la Mwanza lililochubuka na la Tanga linalometa, namfuata wa Mwanza kwanza, kwa sababu maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari.

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi bapa, tochi na jeki. Gonga chesisi kuanzia shingoni, ule mkono wa mbele unaoshikana na gari, hadi mkiani, na ugonge upande wa chini, siyo wa juu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama debe lenye mchanga, na wakati mwingine unasikia maganda ya kutu yakimwagika ndani ya paipu. Sauti ikibadilika, simama hapo na usukume bisibisi. Ikizama, rudi stendi. Usipite haraka kwenye masikio yanayoshika springi, kwenye matundu ya boliti za vile viegemeo vya boti, na kwenye ncha za paipu zilizozibwa bila tundu la kutolea maji. Chesisi ikiwa ni chaneli iliyo wazi upande mmoja, nafuu yako, hakuna pa kujificha.

Kisha inua gurudumu moja kwa jeki. Lizungushe kwa mkono ukiwa umeegemeza kiganja kwenye chesisi, utahisi mkwaruzo hata kama huusikii. Likamate juu na chini ulitikise. Halafu ng'oa kofia ya habu, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani, utazame grisi. Ikiwa nyeupe na nzito, maji yameingia. Namna yanavyoingia ni hivi: boti inafika ufukweni baada ya mwendo, habu ni ya moto, ikitumbukizwa majini hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na habu inafyonza maji kupitia sili. Miaka ya kushusha boti ni miaka ya kufyonza. Beringi za namna hiyo haziondoshwi zikaoshwa kwa petroli na kurudishwa. Weka mpya pamoja na sili zake. Namba imechongwa kwenye ringi. Kwa matela madogo yaliyotoka Marekani ukikuta L44643 ni ya spindili (ncha ya ekseli inayokaa ndani ya beringi) ya inchi 1, na L44649 ni ya inchi 1 na 1/16. Iandike hiyo namba. Dukani ukieleza kwa maneno, "beringi ya tela la boti, siyo kubwa sana," utauziwa kitu cha Corolla.

Pitisha ukucha kwenye spindili yenyewe. Ukinasa kwenye mfereji, beringi mpya haitakusaidia, ekseli hiyo ni ya kubadilisha na bei ya tela ishuke hapohapo.

Tazama pia aina ya springi. Za pleti usihofu, fundi springi yeyote hapa Unga Limited anaziweza. Kuna ekseli nyingine ambayo kazi ya springi inafanywa na mipira iliyobanwa ndani ya paipu. Hiyo ukikuta mikono yake imeinuka na tairi zimekaribia kugusa madigadi wakati tela halina mzigo, mpira umekufa, na huku kwetu hutapata wa kuutia mwingine. Hesabu kwamba unanunua chesisi bila ekseli.

Mwisho, shingo. Matela mengi ya zamani yana bawaba na pini katikati ya shingo, ili tela liiname na boti iteleze. Kwenye karavani bawaba hiyo ni hatari tupu. Ibane kwa pleti nene pande zote mbili na boliti zinazopita. Ila shingo yenyewe usiikate hata kama inaonekana ndefu mno. Shingo ndefu inatuliza tela barabarani, na ukirudi nyuma pembe ya sanduku haigongi bampa ya Prado yako. Kichwa cha shingo nacho kisome, kipimo huwa kimechongwa juu: kuna cha milimita 50, kuna cha inchi 2, na matela madogo ya zamani ya Marekani yana cha inchi 1 na 7/8. Kichwa cha inchi 2 juu ya gololi ya gari ya inchi 1 na 7/8 kitajifunga vizuri kabisa mkiwa mmeegesha, na kwenye tuta la kwanza la Kisongo kitachomoka.

*Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu. Tela nimerithi kwa mzee wangu aliyekuwa na boti bwawa la Nyumba ya Mungu. Sanduku nimeshalifunga juu, nimelisogeza nyuma ili mbele nipate nafasi ya kukaa baiskeli za watoto. Nikivuta na RAV4 kwenda Himo, nikifika kilomita 70 kwa saa tela linaanza kuchapa mkia, kulia na kushoto. Nikipunguza linatulia. Jirani yangu anasema ni upepo wa Himo. Wewe unasemaje?*
*Mwalimu, Soweto, Moshi*

Mwalimu, upepo wa Himo upo, lakini umeonewa. Jibu umeliandika mwenyewe: "nimelisogeza nyuma."

Boti uzito wake uko nyuma, kwa sababu injini inaning'inia mkiani. Ndiyo maana aliyeunda tela lile aliweka ekseli nyuma kuliko tela la mizigo. Ukiondoa boti, ile hesabu yake inaondoka nayo. Wewe sasa umelisukuma sanduku hadi nyuma ya ekseli, na karavani ya tone jiko lake liko hukohuko nyuma: mtungi, sufuria, maji, kreti ya soda. Shingo imekuwa nyepesi, na tela lenye shingo nyepesi linaanza kulitawala gari badala ya gari kulitawala tela.

Shingo inatakiwa ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela likiwa na mizigo yake. Kupima ni rahisi. Egesha pahala tambarare, zuia tairi kwa mawe. Chukua mizani ya kupimia watu, iweke chini ya kichwa cha shingo, juu yake simamisha kipande cha mbao hadi shingo ikae kimo kilekile inachokaa ikiwa imeunganishwa na gari. Soma. Uzito wote utaupata kwenye ghala lolote lenye mizani ya malori, ukiwaomba vizuri.

Tuchukue mfano, maana wewe hesabu ni kazi yako. Karavani ina kilo 450, kutoka kichwa cha shingo hadi ekseli ni mita 3, na kitovu cha uzito kiko sentimita 35 mbele ya ekseli. 450 mara 0.35 gawa kwa 3: shingoni unapata kilo 52 na nusu, karibu asilimia 12. Safi. Sasa shemeji anakuja na madumu mawili ya maji ya lita 20 anayatupia jikoni, mita 1.2 nyuma ya ekseli. Madumu hayo mawili yanainua shingo kwa kilo 16. Unabaki na 36 na nusu juu ya uzito wa 490, yaani asilimia 7 na kidogo. Hujabadilisha tela, umeongeza maji nyuma tu, na tayari umeingia kwenye eneo la kuchapa mkia. Maji yakae mbele ya ekseli, chini ya godoro au shingoni.

Kwa hiyo fungua sanduku ulirudishe mbele. Baiskeli za watoto zipande juu ya RAV4. Sanduku likigoma kusogea, ndipo uisogeze ekseli nyuma. Matela mengi ya boti ekseli yake imefungwa kwa yubolti, zile boliti zilizopinda kama U, unalegeza, unasogeza, unapima tena. Kabla ya kukaza, vuta futi kutoka katikati ya kichwa cha shingo hadi ncha ya ekseli ya kulia, kisha ya kushoto. Vipimo viwe sawa. Vikitofautiana tela litatembea upandeupande na utanunua tairi kila msimu.

Jambo la pili hukuliuliza, lakini litakupata. Springi za tela la boti mara nyingi zina nguvu ya kubeba tani na zaidi. Wewe una kilo 450. Hazitapinda hata kidogo, na kila shimo litakwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Lami ya Moshi hadi Himo hutaona kitu. Jaribu ile ya vumbi ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka, na skrubu zitaanza kutoka zenyewe, vikombe usiviulize. Mpelekee fundi springi atoe pleti fupi za chini moja moja. Pleti ndefu yenye macho haiguswi, na inayofuata nayo iache imsaidie mwenzake. Kila akitoa moja, shusha tela likiwa na mzigo wake wote utazame: springi ishuke kidogo, ibaki na nafasi ya kucheza. Yubolti zitakuwa ndefu baada ya hapo. Weka fupi, usirundike washa.

Na siku tela likianza kuchapa mkia tena, usikanyage breki wala usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mafuta. Shika usukani usimame katikati, toa mguu kwenye mafuta, liache lipungue lenyewe. Ukifika nyumbani, fungua kitabu cha RAV4 yako usome inaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Kuna zinazouzwa hapa ambazo hazikukusudiwa kuvuta kitu.

*Shikamoo baba. Mimi ni fundi mchanga wa kuchomelea, Pasua. Juzi nilipewa tela la boti la zinki nichomelee fremu ya sakafu ya skwea paipu. Usiku nilishikwa na homa na kutetemeka, mdomoni ladha ya chuma, kesho yake jioni nikawa mzima. Bosi anasema nikinywa maziwa kabla ya kazi haitatokea. Ni kweli?*
*Fundi mchanga, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni, hawakutani popote. Hayo maziwa tunayanywa gereji zote za Arusha na Moshi, na ni chakula kizuri, basi.

Uliyoipata ni homa ya moshi wa zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, chuma kinayeyuka karibu na nyuzi 1,500. Maana yake kabla chuma chako hakijaungana, zinki iliyokuwa juu yake imeshapaa ule moshi mweupe, na wewe umeinama juu yake. Homa inakuja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana watu wanasingizia malaria. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili. Kifua kikibana au pumzi ikiwa ya shida, nenda hospitali uwaambie ulichomelea nini, usiseme tu nina homa.

Siku nyingine, kabla ya kuwasha mashine, saga zinki kwa grenda hadi uone chuma kitupu, sentimita 5 kila upande wa pale utakapochomelea, na upande wa pili wa chuma pia, kwa sababu nao unaungua. Fanyia kazi nje, upepo ukupige ubavuni, kichwa kisiwe juu ya moshi. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii moshi wa aina hiyo, tafuta barakoa yenye chujio la moshi wa chuma. Ukimaliza, paka rangi ya zinki mahali ulipopasaga, siku hiyohiyo.

Ila kabla ya yote, jiulize kama unahitaji kuchomelea. Kwenye chesisi ya boti mimi nachomelea kidogo kabisa. Mataruma yake, vile vyuma vinavyokingama, mengi yamepinda katikati kwa umbo la V ili tumbo la boti likae, kwa hiyo sakafu bapa haikai juu yake. Unda fremu yako pembeni, skwea paipu ya 40 kwa 40, ipige rangi, kisha ikalishe juu ya chesisi kwa vipande vya anglaini (chuma cha pembe) na yubolti. Hakuna tundu jipya, hakuna zinki iliyoungua, na ikipata tatizo unaifungua kwa spana. Weka kipande cha mpira wa tairi kuukuu kati ya fremu na chesisi kila wanapogusana, visisagane.

*Ile winchi ya kuvutia boti iliyo mbele niifanye nini?*
*Msomaji, Kiboriloni*

Iuze. Nguzo yake ibakize, inafaa kufungia mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa mkanda, nje, wima.

*Fundi, mimi ni seremala, Sakina. Mteja anataka sanduku la tone kwa marini bodi nyeusi, anasema ndiyo haiingizi maji. Nimebandika kitambaa cha ndani na gundi ya mbao, kimebanduka chote. Gundi mbovu?*
*Seremala, Arusha*

Gundi yako nzima. Hiyo marini bodi mnayoisema ni bodi ya mafundi ujenzi, ya kumwagia zege, na ule utando mweusi umewekwa makusudi ili zege lisishike. Sasa kama zege halishiki, gundi yako itashika vipi? Pale unapotaka kubandika, kwangua utando wote kwa msasa mkali hadi uone mbao. Rangi nayo ni vilevile.

Anachosema mteja kuhusu maji ni nusu tu ya habari. Uso hauingizi maji. Ukingo unaingiza sana, na kwenye umbo la tone karibu kila ukingo umekatwa kwa msumeno. Ukikata leo, ziba leo: gundi ya epoksi au rangi ya mafuta mara mbili hadi ukingo uache kunywa. Matundu ya skrubu pia. Nimeona karavani nzuri ya mtu wa Tengeru, imepigwa rangi ya krimu na mstari mwekundu, inapendeza, ila pembe ya chini karibu na madigadi ilikuwa imefumuka tabaka kwa tabaka kwa sababu tairi lilikuwa likiirushia maji pale kila mvua. Bati la alumini upande huo lingemaliza kesi. Mafundi wanaovalisha magari ya watalii hapa mjini wanayo mabaki ya alumini, kawaombe.

Mimi ningechukua plaiwudi ya kawaida ya gundi isiyoyeyuka kwa maji, ubavuni milimita 12, na kwenye mgongo nyembamba ya milimita 3 au 4 mbili, moja juu ya nyingine. Nyembamba inapinda vizuri ukiilowesha na kuifunga usiku kucha. Nene hutaipinda ila uichane mistari, na mistari hiyo mgongoni ndiyo mlango wa maji. Uzito nao ufikirie, shiti ya milimita 18 kila mahali itamuua mwenye gari dogo.

Kuhusu vumbi, maana hujauliza na mteja atakurudishia: mfuniko wa jiko ndio unaokula vumbi. Tela likitembea nyuma yake hewa inajikunja na kurudi, inabeba vumbi na kulisukuma ndani kupitia mwanya wowote. Zungushia mpira wa mlango wa gari, ule wenye uwazi katikati, chakavu unapatikana kwa wanaobomoa magari. Kisha weka kufuli mbili, kulia na kushoto. Ya katikati peke yake inaacha pembe zikipumua.

*Habari fundi. Tunataka kulala Ngorongoro kule juu, kambi ya ukingoni, na watoto wawili. Ndugu yangu amelala huko anasema baridi yake si ya mchezo. Naweza kuingiza jiko la mkaa dakika chache lipashe ndani, halafu nilitoe?*
*Mama, Usa River*

Hapana, dada. Hata dakika chache, hata mlango ukiwa nusu wazi, hata mkaa ukiwa umeshika na hautoi moshi. Mkaa usiotoa moshi ndio unaotoa sumu isiyoonekana wala kunusika, na sanduku lenyewe ni futi 4 kwa 8 kwa 4. Hewa yake mnaimaliza wenyewe kwa kupumua tu. Jiko la gesi pia, na taa ya gesi pia. Kila chenye moto kinabaki nje.

Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200, ndugu yako hajakudanganya. Mnajikinga hivi: sakafu ya sanduku iwe na godoro nene au mkeka chini ya godoro, kwa sababu baridi kubwa inatoka chini, mablanketi mawili ya kimasai kila mtu, na chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri miguuni kwa watoto. Na dirisha, najua utashangaa, liache wazi vidole viwili kila upande. Watu wanne wakipumua kwenye boksi lililozibwa, asubuhi dari linadondosha maji na godoro limelowa. Kwa kweli futi 4 ni ya wawili. Watoto wapate hema dogo pembeni, au mmoja wenu.

Tena mtungi wa gesi ukiwa umewekwa kwenye kabati la nyuma, hakikisha kabati hilo limetobolewa chini kabisa, kuelekea nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, haipandi juu. Na ukuta kati ya jiko na godoro usiwe na hata tundu la waya.

*Trafiki atanisumbua?*
*Msomaji, Boma Ng'ombe*

Akikukuta huna taa, atakuwa na haki. Taa za tela la boti karibu zote zimekufa kwa maji, na waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, uliofungwa kwenye chesisi yenye kutu hauna kazi. Ng'oa zote, weka LED mpya, na ethi uipitishe kwa waya wake mwenyewe hadi kwenye plagi. Bandika vioakisi pande zote. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kichwa cha shingo.

Usajili ni kabla ya kununua, siyo baada. Tela lina kadi yake kama gari lilivyo na kadi yake, na wanaosajili ni TRA. Mwambie muuzaji akuonyeshe kadi, kisha uinamishe kichwa utafute namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe. Zikipishana au chuma kikiwa kimesagwa mahali pa namba, usiangalie bei tena. Tela lililotoka nje moja kwa moja na halijawahi kusajiliwa, nenda ofisi ya TRA ya mkoa ukiwa na karatasi za forodha uulize linahitaji nini. Usiulizie kijiweni.

*Fundi, na nikichoka na karavani, naweza kurudisha boti?*
*Yuleyule wa Njiro*

Kwani Prado imeshafika Tanga? Unaweza, ikiwa ulifunga kwa boliti kama nilivyomwambia kijana wa Pasua. Vile viegemeo, roli za mpira, na winchi kama hujaiuza, usivitupe wala usimpe wa vyuma chakavu. Kabla ya kuhamisha ekseli, piga alama kwa patasi kwenye chesisi pale ilipokuwa, maana boti itaidai mahali pake. Pleti za springi ulizotoa zifunge kwa waya kwa mpangilio wake, zipake grisi, tia vyote gunia moja na uandike juu "vya tela". Usipoandika, siku ya usafi wa stoo vitaondoka na mkokoteni.